Radio Kwenye Kiti cha Baba

Kabambare, tarehe 9 Februari 1958

Kwako ndugu yangu Octave,

Pokea jambo ya sisi wote wa huku. Mimi dada yako niko muzima, bwana yangu iko muzima, watoto wanakohoa kidogo kwa sababu ya mvua. Mbuzi ya Baba mudogo Heri imezaa mapacha, naye anatembea kifua mbele, utasema amewazaa yeye. Barabara ya Kasongo imekatika tena. Kamio, ile lori ya mission, ililala ndani ya tope mpaka mapadri wakaanza kula sombe yetu ya majani ya muhogo bila kuuliza iko na nini ndani.

Sasa neno lenyewe. Tangu Baba yetu Dominique afariki, hapa nyumbani hakuna kitu kimesogea. Wewe ndiwe mutoto mwanaume wa kwanza, na unajua vile iko: mutoto anakuja, anakaa kwenye kiti cha Baba, anasema "Imekwisha, simameni." Ndipo Mama anaoga, ananyolewa, anashika jembe, anacheka na watu. Mutu mwingine hawezi kusema ile neno. Kwa hiyo Mama Régina iko kwenye mukeka wa matanga mpaka leo. Hasuki nywele, haendi shamba, hampi mutu mukono. Shamba lake la karanga limekuwa pori, panya ndio wanavuna.

Tulikutumia telegramu, ukajibu "Poleni." Poleni peke yake, Octave? Watu wa Nyangwe ambao hata hawakumujua Baba vizuri walikuja na samaki! Panda gari-moshi, shuka, panda kamio, na kamio ikikufa, tembea. Sema ile neno, halafu urudi kwa mambo yako.

Mama anakusalimu.

Dada yako,
Albertine


Elisabethville, tarehe 30 Machi 1958

Dada mpendwa, ma chère Albertine,

Kwa furaha kubwa na heshima kamili nakujulisha kuwa mimi ni mzima wa afya. Mke wangu Clémentine anakusalimu. Siku hizi anapika kwa kufuata saa ya ukutani. Tumenunua pia uma za mezani. Bado hatujazitumia, lakini tunazo.

Nahisi huko Kabambare hamjapata habari zangu sawasawa, basi nieleze. Unakumbuka kazi yangu ilikuwa kuchora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa klabu ya Wazungu, wale wanaocheza rugby, yaani mpira wenye umbo la yai. Jumapili moja mchezaji wao aliamka na malaria. Wakatazamana, wakanitazama mimi, wakanipa viatu. Kapiteni akaniambia neno moja tu: kimbia. Nikakimbia, dada! Wazungu wazito wa migodini wakanifukuza uwanja mzima, hakuna hata mmoja aliyegusa shati langu. Tangu siku ile ndugu yako ni mchezaji wa rugby. Picha ya timu ilitoka gazetini. Ule mkono unaoonekana pembeni kabisa ni wangu.

Ni mchezo wa akili sana. Mtu anakimbia mbele, lakini mpira haruhusiwi kuutupa mbele. Akizidiwa anautupa nyuma, kwa mwenzake anayemfuata.

Mwaka jana niliacha uwanja kwa hiari yangu mwenyewe, ili vijana nao wapate nafasi. Siku ya mwisho bwana mmoja wa radio alinisikia nikipiga kelele pale chini kwenye nyasi, akasema sauti ya namna hii hajapata kuisikia. Ndiyo kazi yangu sasa: kila Alhamisi jioni natangaza habari za michezo kwa Kiswahili. Sauti ya Octave inavuka mito yote mpaka kwenu.

Kuhusu matanga, dada, nielewe. Nimeomba kadi ya watu waliostaarabika. Mkaguzi atakuja nyumbani kutazama kama tunakula mezani, kama choo kina mlango, kama nimeacha mambo ya kishenzi. Akisikia nimekwenda kukaa kwenye kiti ili mjane anyolewe, ndiyo basi tena. Mama ainuke tu. Mwambie nimemruhusu. Yaliyobaki nakuachia wewe uliye karibu.

Nduguyo mtiifu,
Octave, mtangazaji


Kabambare, tarehe 15 Juni 1958

Kwako mutangazaji,

Sisi wazima. Karanga za watu wengine zimetoka vizuri mwaka huu. Bwana yangu ameumwa jino, mwalimu Pacifique akaling'oa kwa koleo ya baiskeli, sasa hawasemezani.

Ni Pacifique huyo aliyesoma barua yako mbele ya wazee, maana mimi nilishindwa kwa hasira. Alipofika pale Wazungu wanakufukuza, wazee wakauliza: aliiba nini? Nikasema ni muchezo. Baba mudogo Heri akafikiri, akasema, "Sawa, ni muchezo. Lakini lile yai aliwarudishia?"

Usifikiri sisi ni wajinga, Octave. Muchezo wako nimeuelewa muzuri kabisa. Mutu anakimbia mbele, na kitu kikimulemea anamutupia aliye nyuma. Sasa umenitupia Mama.

Unasema umemuruhusu kuinuka. Nilimuambia vilevile ulivyoandika. Akaniuliza, "Amekuja?" Nikasema hapana. Akageukia ukuta.

Basi nakuomba kitu kidogo. Asani, yule mwenye duka, amenunua radio ya mawe, yaani ya betri. Kila Alhamisi anaileta hapa kwa Mama, ameikinga na mwavuli hata kama hakuna jua, kwa sababu watu wakikuja kusikia wananunua sabuni na sigara kwake. Ukianza kusema, Mama anaacha hata kukohoa. Kama kukuja ni kazi ngumu, sema ile neno ndani ya radio. Neno fupi. Wazungu wako wataona ni habari ya mupira.

Tunangoja.
Albertine


Elisabethville, tarehe 22 Oktoba 1958

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mkaguzi alikuja. Alihesabu vijiko, alifungua kabati, alilala kidogo kwenye kitanda chetu kuona kama kina magodoro ya kweli. Jikoni alifunua chungu, akanusa sombe, akaandika kitu. Clémentine hajalala vizuri tangu siku ile, anauliza ameandika nini. Kasema atarudi.

Ombi lako haliwezekani. Kila neno ninalolisema linasomwa kwanza na Bwana Mkurugenzi. Radio ni chombo cha serikali, si uwanja wa ukoo. Mimi nikishika kipaza sauti sina baba wala mama, nina wasikilizaji.

Badala yake pokea picha yangu, hii ya kwangu peke yangu, sura nzima. Nimevaa tai. Mwekee Mama karibu na mkeka, aitazame.

Octave


Kabambare, tarehe 14 Desemba 1958

Kwako Octave,

Jambo. Watoto wazima. Kamio imefika na chumvi. Picha yako imefika, Mama ameiweka ndani ya sanduku pamoja na nguo za Baba.

Keti chini kwanza ndipo usome. Matanga yamekwisha, na wewe ndiye uliyeyamaliza.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha, kiwanja chote tope. Asani akafika na radio yake, akakataa kuiweka chini. Meza hatuna. Kiti kilichokuwa wazi ni kimoja tu, kile cha Baba, kwa sababu hakuna mutu anayeweza kukikalia isipokuwa wewe. Asani ni mugeni wa mila yetu, yeye akaona kiti, akatua radio pale pale, juu ya kiti. Wazee wakashituka. Kabla hawajafungua midomo, wewe ukaanza kusema.

Ulikuwa unaeleza mupira wa huko kwenu, watu fulani wanawapiga watu fulani. Ukapiga kelele, ukapiga kelele, halafu ukasema kwa sauti yako yote: "Imekwisha! Imekwisha, ndugu zangu! Simameni, muende nyumbani kwa amani!"

Mama akaweka mukono kwenye ukuta, akasimama. Baba mudogo Heri akauliza, "Sauti ni ya nani?" Wote wakajibu, "Ya Octave." "Imekaa wapi?" "Kwenye kiti cha Baba." "Imesema nini?" "Imekwisha." Akasema, "Basi mutoto amekuja, amekaa, amesema. Nani anataka kubisha na radio ya serikali?"

Wanawake wakamupeleka Mama mutoni wakiimba. Tulichinja mbuzi. Unajua anayekaa kwenye kiti anapewa kofia ya Baba na paja la mbuzi. Kofia tuliivalisha radio. Paja alikula Asani, kwa sababu ndiye anayembeba mwenye kiti.

Na mwenye kiti anachukua jina la Baba, mila iko vile. Watoto wakipita dukani wanapiga goti: "Jambo, Baba Dominique." Wiki hii mawe yake yalikwisha, akanyamaza, Baba mudogo Heri akaenda kumupa pole.

Mama analima.

Albertine


Elisabethville, tarehe 14 Februari 1960

Damu ya damu yangu! Binti wa ardhi ya mababu!

Mababu wote wa ukoo wetu wakusalimu kupitia kalamu hii! Nimekaa kimya zaidi ya mwaka, lakini moyo wangu haukulala. Ulikuwa unatafakari Afrika.

Dada, mambo yamegeuka. Uhuru unakuja mwezi wa sita! Ile kadi ya utumwa nimeichana mbele ya umati. Uma nazo tumezitupa, tunakula kwa mikono hii tuliyopewa na wazazi wetu, isipokuwa wageni wakija. Radio ya wakoloni nimeiacha kwa hiari yangu mwenyewe. Sasa mimi ni mwanasiasa. Chama chetu kimenisimamisha niwe mjumbe wenu kwenye baraza la jimbo la Kivu, na silaha yangu kubwa ni mila. Kila mahali nawaambia watu: atakayedharau kiti cha baba yake, huyo ni mtumwa!

Mwezi wa tano nitafika Kabambare na kamio yenye kipaza sauti, nimevaa kofia ya ngozi ya chui. Nitakaa kwenye kiti cha Baba mbele ya wapiga kura wote, na nitasema lile neno takatifu. Tafuteni ngoma na mbuzi. Nakuomba na jambo moja dogo: Mama arudi kwenye mkeka kwa siku hiyo, nywele zisisukwe. Mpiga picha atakuwepo.

Mwana wa Maniema, ardhi yetu,
Octave


Kabambare, tarehe 20 Aprili 1960

Kwako mwana wa Maniema,

Tuko wazima, pamoja na mababu. Bwana yangu na mwalimu Pacifique wamepatana, wamegombana tena, sasa kwa sababu ya vyama. Mimi natazama tu. Wanasema uhuru ni wa wote lakini karatasi za kura ni za wanaume, basi tunawapikia wanaume wapate nguvu ya kupiga kura.

Kadi uliyoichana ni gani? Uliniambia mukaguzi atarudi. Hukuniambia kama alirudi.

Juu ya Mama: hapana. Nilimusomea maneno yako. Alikuwa anapanda karanga. Akaendelea mustari wake mpaka mwisho, akarudi na mustari mwingine. Mutu aliyekaa kwenye mukeka mwaka muzima akikungoja, leo unataka arudi pale ili apigwe picha? Hata aibu huoni, Octave? Aibu imebaki kwangu mimi niliyeyasoma kwa sauti.

Juu ya kiti: nilikuandikia zamani. Kiti kina mutu. Kama unataka kukikalia, zungumza na wazee kwa upole, ukiwa chini, bila kipaza sauti.

Mimi nimekuambia.
Albertine


Kasongo, tarehe 29 Mei 1960

Yaya Albertine, dada yangu mukubwa,

Jambo. Niko hapa Kasongo kwa rafiki. Kamio imerudi na watu wa chama. Hawakuniambia wanaondoka.

Sina mutu wa kumuandikia isipokuwa wewe, hata kama ulikuwepo na uliona yote. Niliona watu wamejaa kiwanja, nikasema, haya, ni wangu. Nikaahidi barabara, wakapiga makofi. Nikaahidi dawa, wakapiga makofi. Nikasema, "Mukinichagua, kila nyumba itapata radio yake!" Wakashusha mikono. Baba mudogo Heri akanyoosha mukono: "Kila nyumba na mwenye kiti wake? Unataka kuuvunja ukoo?"

Nikaomba kiti. Wakakileta, kweli, na radio juu yake, imevaa kofia ya Baba! Nikanyoosha mukono kuitoa, wamama wakapiga yowe, utasema nimemusukuma muzee. Halafu saa ya michezo ikafika. Nilikuwa nimesahau ni Alhamisi. Asani akazungusha kitufe, na watu wangu wote wakanigeuzia mugongo kusikiliza yule kijana waliyemuweka nafasi yangu. Nilikuwa na kipaza sauti na kamio nzima, na sikusikika.

Kura umezisikia. Hata wale wa ukoo wetu walimupa mutu wa chama kingine, anayeuza chumvi.

Lakini si hiyo inayonikosesha usingizi. Nilimuona Mama. Alikuwa nyuma ya watu na kikapu kichwani. Niliposhuka kwenye kamio alinitazama miguu, miguu tu, halafu akaenda na wengine. Hakuniita. Alikuwa anatazama nini?

Kama ni goti, basi niseme. Liliharibika uwanjani. Waliniangukia watatu, kelele ile aliyoisikia bwana wa radio ilikuwa ya maumivu. Na kadi sikupewa, na radio walinifukuza siku waliyosikia habari za chama. Sikuacha kitu chochote kwa hiari yangu.

Yaya, nikuje nyumbani? Bila kofia, bila watu. Nisimame tu mbele yake. Uniambie, naweza kufika Alhamisi ijayo.

Octave


Kabambare, tarehe 12 Juni 1960

Octave, mutoto wa Mama,

Jambo. Mimi muzima, watoto wazima, bwana yangu muzima. Karanga za Mama zimekauka vizuri, tumezitandaza nje tunafukuza mbuzi za Baba mudogo Heri.

Alhamisi imepita. Mama aliniona naweka maji ya kuoga ya mugeni, hakuuliza ni ya nani. Jioni akaniambia niyamwage. Barua yako ya kusema gari limeharibika Kasongo imefika siku ya pili. Sikumusomea.

Uliniuliza alitazama nini. Alitazama vile unachechemea. Njiani akanishika mukono, akasema, "Mutoto wangu anachechemea tangu lini? Mbona hakuna aliyeniambia?" Alilia mpaka nyumbani. Alisema kama angejua, angeacha mukeka na matanga yote, angekuja kwako kwa miguu. Mwaka ule muzima ulimuandikia mambo ya vijiko na tai, na hukumuandikia goti!

Na mimi nilikuficha kitu. Ile siku ya "Imekwisha," wazee walishituka kweli, lakini Mama hakudanganyika. Alijua ni mupira. Aliniambia usiku ule ule, tunamukausha nywele. Alisimama kwa sababu alichoka, na wewe ulikuwa umempa mulango hata bila kujua, akaona apite.

Kiti usikitaje tena. Kuja tu. Usituandikie siku, usiahidi saa, siku moja tukuone umesimama pale kwenye karanga, basi. Wali wa jana utakula, hakuna mbuzi.

Kila Alhamisi Mama anaosha miguu, anavaa kitambaa chake kizuri, anaenda dukani kwa Asani. Anakaa mbele kabisa. Yule kijana anayesema sasa sauti yake ni nyembamba, na majina ya watu anayakosea. Juzi nilimuambia, "Mama, huyu si Octave."

Akasema, "Najua. Lakini huyu akisema Alhamisi, anakuja Alhamisi."

Albertine